Nguvu za mikono hazina safu katika daftari la msiba: vijijini kwenu mmefanyaje?

Binti wa Kihamba aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naomba msaada wa mawazo juu ya jambo nililolikuta nyumbani mwezi uliopita, katika kijiji kimoja cha mlimani upande wa mashariki wa Kilimanjaro, nilipokwenda kumzika jirani yetu.

Nimekulia kihambani, yaani kwenye ile ardhi ya ukoo yenye migomba, kahawa na zizi la ng'ombe karibu na mlango, ambako mtu huishi na akifa huzikwa hapo hapo. Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1980, msiba ukitokea kina baba walifika alfajiri na sururu na mabeleshi wakapokezana kuchimba kaburi hadi likamilike, na kina mama walikuja na mikungu ya ndizi, kuni na vibuyu vya maziwa. Kulikuwa na wengine walioleta mizigo ya majani kutoka tambarare kwa ajili ya ng'ombe wa wafiwa, kwa kuwa ng'ombe wa zizini hajui kama nyumba ina msiba, na ikifika saa kumi jioni atalia njaa kama kawaida yake. Hakuna aliyeandika nani kaleta nini, ingawa nadhani kila mtu alijua.

Safari hii mambo yaliendeshwa na kundi la WhatsApp. Taarifa ya kifo ilifika Dar es Salaam, Arusha, na hata kwa ndugu mmoja aliyeko Kanada, kabla jirani wa nyumba ya tatu hajaisikia. Kiwango cha mchango kilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa kila kaya, namba ya M-Pesa ya mweka hazina ikatumwa kundini, na fedha zikapatikana haraka, jambo ambalo sitalibeza kwa kuwa marehemu aliacha deni la matibabu. Kaburi lilichimbwa na vijana wanne kwa malipo, chakula kilipikwa na mpishi wa kukodi mwenye mitungi yake ya gesi, na turubai, viti na spika vililetwa kwa gari kutoka mjini.

Kuna mama mmoja mjane, wa umri wa miaka zaidi ya sitini, ambaye sisi watoto wa kitongoji humwita shangazi ingawa hatuna udugu wa damu naye. Alifika asubuhi akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Msaidizi wa mpishi alimweleza, kwa adabu kabisa, kwamba kuni hazihitajiki. Akazitua kando ya migomba, akatafuta kisu ili aungane na wamenyaji ndizi, akaambiwa kwamba kazi hiyo nayo ina watu wake. Jioni ya siku ya tatu, daftari liliposomwa hadharani, jina lake lilitajwa miongoni mwa wasiochanga. Zile kuni zilikuwa bado pale chini ya migomba, na kamba yake haijafunguliwa.

Nina maswali mawili. La kwanza ni namna tulivyofika hapa, kwa sababu sikumbuki mkutano wowote uliokaa na kuamua kwamba mikono ya mtu haifai tena. La pili ni la vitendo zaidi: je, katika vijiji vyenu kuna kikundi cha kuzikana au kamati inayohesabu kazi ya mikono pamoja na fedha, na kama kipo, kinahesabu vipi bila kuzua ugomvi? Mimi ni katibu msaidizi wa kundi letu, na mwezi wa Desemba, watu wa mjini watakaporudi kwa ajili ya Krismasi, tutakaa kuzipitia kanuni upya. Ningependa nisiende mikono mitupu.

Mwalimu wa Upareni alijibu:

Binti yangu, pole kwa msiba. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi milimani wilayani Same, na jambo unalolieleza nalifahamu kwa njia ya maji kuliko kwa njia ya misiba.

Kwetu Upareni tuna ndiva, bwawa dogo la kukusanyia maji ya kijito, ambalo huzibwa jioni likajaa usiku kucha, kisha likafunguliwa asubuhi ili watu wamwagilie kwa zamu. Ndiva hujaa tope kila mwaka. Nilipokuwa kijana, pembe ilipigwa jioni kutangaza msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na kama wasemavyo wahenga, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo: kesho yake kila kaya ilitoa mtu mwenye jembe. Nilisimama katika tope lile hadi magotini nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Watu wazima walichimba, nasi watoto tulilibeba kwa karai na kwa magamba ya migomba, tukilitupa ukingoni ambako baadaye wenye mashamba ya karibu waligombania kulichukua, kwa kuwa tope la ndiva ni mbolea.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba watu walikwenda kwa mapenzi matupu. Kaya ambayo haikutuma mtu ilinyimwa zamu ya maji, na yeyote anayeijua tambarare ya Same anajua maana ya mahindi kukaa wiki tatu bila maji. Wazee wa ukoo wenye ndiva walisimamia wakiwa wamekaa kivulini, na dengelua, pombe yetu ya miwa, lililonywewa jioni lilikuwa limetengenezwa na wanawake ambao kazi yao hiyo haikuitwa msaragambo. Serikali zilizofuata zilikuta desturi hiyo ipo na zikaitumia. Mkoloni aliitumia kwa barabara. Baada ya uhuru ilitumika kwa jambo jema zaidi: Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977, mengi ya madarasa yaliyowapokea watoto wale yalisimama kwa matofali tuliyofyatua wenyewe. Mimi nimefundisha katika darasa ambalo niliwahi kulibebea mawe.

Kilichoubadilisha msaragambo wetu ni saruji. Miaka ya 1990 ndiva yetu ilikarabatiwa kwa msaada wa mradi, kuta zikajengwa kwa mawe na saruji, na mfereji mkuu ukasakafiwa. Sijutii hata kidogo, kwa sababu maji yaliyokuwa yakipotea njiani sasa yanafika mashamba ya chini. Lakini kazi ya siku nne ikawa kazi ya nusu siku, kamati ikaona ni rahisi kutoza ada ndogo na kumlipa mtu mmoja aisafishe, na pembe ikaacha kupigwa. Baada ya misimu michache nilikutana na vijana wawili waliokuwa wakigombania zamu ya maji, ambao baba zao walichimba bega kwa bega, nao hawakuwa wakijuana hata majina.

Kwa hiyo, juu ya swali lako la kwanza, mimi siilaumu fedha. Kazi yenyewe iliondoka kwanza, kwa sababu ya vifaa, na fedha ikaja kukaa palipobaki wazi. Mlipomkodi mpishi mwenye gesi mliondoa kuni, na mlipoondoa kuni mlimwondoa shangazi yenu bila mtu yeyote kulikusudia hilo. Mkitaka kumrudisha, itabidi mwangalie ni kazi zipi ambazo bado hazina mashine.

Mwanakwimba alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Yaliyotokea kwenu kwa saruji, kwetu Usukumani yalitokea kwa plau. Vikundi vya kulima kwa ngoma, vile ambavyo bugobogobo yake leo huchezwa majukwaani na majembe ya maonyesho, vilikuwa vikundi vya kazi kweli. Mtu alialika kikundi, wakaja na ngoma, wakalima ekari kadhaa kwa mstari mmoja huku jembe likifuata mdundo, naye akawapa chakula. Plau ya ng'ombe ilipoenea, mwenye jozi mbili za maksai hakuwa tena na sababu ya kualika watu arobaini.

Ninachotaka kumwongezea Binti wa Kihamba ni juu ya faini, kwa sababu nina hakika mkikaa Desemba kuna mtu atapendekeza faini. Sungusungu ilianza kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipokuwa umewashinda wenye dhamana, na kila kaya ililazimika kutoa mwanamume wa kulinda usiku. Asiyefika alitozwa faini, na faini ile iliambatana na aibu, maana mtu aliyekaidi aliweza kutengwa: hapewi moto, hasalimiwi, na akifiwa hazikiwi. Miaka ilivyopita, wale wenye maduka na walimu waliohamia walianza kulipa faini mapema, kabla ya zamu yao, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayelipia kusagiwa mahindi. Wazee walipokea. Baada ya muda hakuna aliyeiita faini tena. Ikaitwa mchango wa ulinzi, na waliobaki wakilinda usiku ni wale wasio na fedha ya kulipa. Aibu ikawa imehama upande: ilikuwa kwa asiyelinda, ikawa kwa anayelinda.

Naona jambo hilo hilo katika daftari lenu. Kwa hiyo mkiandika kanuni, msiandike kwamba asiye na fedha afanye kazi, kwa sababu siku hiyo hiyo kazi itakuwa alama ya ufukara na shangazi yenu atakuwa wa kwanza kuikimbia. Andikeni kazi ambayo hata aliyetoka Kanada ataifanya akiwepo.

Mama wa Kibanja alijibu:

Dada Binti wa Kihamba, nimesoma habari za shangazi yako na zimeniuma, lakini naomba niseme upande ambao kaka zangu hapo juu wameupita haraka. Mimi ni mkulima wa Muleba, mkoani Kagera, na nina miaka hamsini na saba.

Msiba wa zamani unaoukumbuka ulikuwa mzuri kwa mtoto. Mama yako aliyepika katika msiba huo ana kumbukumbu nyingine. Kwetu mwanamke alikaa jikoni kwa wafiwa siku nne, macho yamejaa moshi, akilala juu ya majani, huku maharage yake yakioza shambani na watoto wake wakila kwa majirani. Mwanamume alichimba kaburi saa tatu, kisha akakaa chini ya mti na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Halafu watu wakasema nyumba ya fulani imesaidia sana, na huyo fulani ni mume. Jina la mke halikutajwa popote, kwa kuwa aliyeitwa na ukoo alikuwa mwenye kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo.

Na ukoo uliotuita kazini ndio huo huo uliotuambia kwamba ardhi si yetu. Nilikuwa msichana mwaka 1990, Mahakama Kuu ya Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, ilipoamua katika shauri la Bernardo Ephraim na Holaria Pastory kwamba mila ya Kihaya inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, wakati mwanamume anaruhusiwa, inakwenda kinyume na katiba. Wazee wa kwetu walilizungumzia kwa hasira miaka na miaka. Ilichukua hadi Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kwa jambo hilo kuandikwa kwa ajili ya vijiji vyote, kwamba mila inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi ya ardhi ni batili. Ninalitaja hili kwa sababu watu wakilia juu ya mshikamano uliopotea, mara nyingi wanalilia jambo lililokuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mwanamke.

Tulipoanzisha VICOBA, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, mimi nilikuwa mwanachama kwa jina langu. Kasha letu lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti, na kasha lenyewe hukaa kwa wa nne, kwa hiyo haliwezi kufunguliwa bila sisi sote kukutana. Kila wiki kuna hisa, na kando yake kuna mfuko wa jamii ambao mwanachama akifiwa hupewa fedha bila kuomba. Daftari hilo ambalo wewe unaliona baya, mimi nililiona jina langu ndani yake kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka arobaini. Mpishi wa kukodi namwombea dua.

Pamoja na hayo, siwezi kusema kwamba tumemaliza tatizo, kwa kuwa nasi tunao wale ambao hata hisa moja kwa wiki huwashinda. Vikundi vyetu vya kuzikana, ambavyo tunaviita bujuni, vimetatua kwa njia tofauti tofauti. Kikundi changu hupokea vitu pia: ndizi, maharage, na usiku wa kukaa na mfiwa. Usiku huo ndio ninaotaka mwufikirie. Wageni wakiondoka na turubai likakunjwa, mfiwa hubaki na nyumba tupu, na hakuna wa kumkodi kwa kazi hiyo. Sisi tumeweka zamu ya usiku saba, watu wawili wawili, na zamu hiyo inawahusu wote, wenye fedha na wasio nazo.

Mtendaji Mstaafu alijibu:

Nimefurahi kusoma mjadala huu. Nilikuwa mtendaji wa kijiji kwa miaka kumi na mitatu katika nyanda za juu kusini, na nitajaribu kujibu lile swali la pili, la namna ya kuhesabu.

Kuhesabu kazi ya mikono si jambo geni, isipokuwa tumelisahau. Katika kila mradi wa shule au zahanati nilioushughulikia, taarifa ya gharama ilikuwa na safu ya nguvu za wananchi. Wananchi walikusanya mawe, mchanga na kokoto, wakasomba maji, wakachimba msingi, na vyote hivyo vilipewa thamani ya fedha na kuingizwa katika vitabu. Wakati wa MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, kuanzia mwaka 2002, na baadaye katika ujenzi wa sekondari za kata, kijiji kisichokuwa na mawe eneo la ujenzi kilisubiri. Tuliandika kwa vitongoji: kitongoji fulani lori tatu za mchanga, kingine matofali elfu nne. Ugomvi ulikuwepo, lakini ulikuwa baina ya vitongoji kwa vitongoji, hakuna mjane aliyesomwa jina.

Mambo matatu yalibadilisha hali, na yote yalikuwa na nia njema. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na watu wengi waliielewa hatua hiyo kwamba kijiji hakina tena haki ya kudai chochote kwa mwananchi. Kisha ikaja elimu bila ada, na Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni. Wazazi walipumua, na walikuwa na haki ya kupumua, kwa kuwa kuna watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya michango. Lakini niliitisha kazi ya kuchimba vyoo vya shule mwezi uliofuata na wakaja watu sita. La tatu ni ajira za muda za TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii. Kaya maskini zililipwa kuchonga barabara na kupanda miti, fedha ikawasaidia kweli, ila jirani aliyekuwa akiichonga barabara ile ile bila malipo aliniuliza kwa nini yeye afanye bure. Sikuwa na jibu lililomridhisha, na hadi leo sina.

Sasa juu ya kundi lenu. Kundi la kuzikana si chombo cha serikali, kwa hiyo kanuni zake ni zenu, tofauti na sheria ndogo za kijiji ambazo hupita halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu wa watu wote waliofikisha miaka 18, na kisha halmashauri ya wilaya. Kama mnaweka akiba na kukopeshana, angalieni Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, ambayo inavitaka vikundi vya namna hiyo visajiliwe katika daraja la nne. Kama ni rambirambi tupu, uhuru mnao.

Ushauri wangu ni mmoja tu: acheni kusoma majina ya wasiotoa. Someni waliotoa, kila mmoja na alichotoa, fedha au kitu au kazi, kwa orodha moja na bila mafungu. Tulifanya hivyo katika ujenzi wa zahanati, na yule aliyeleta madebe manane ya maji alipigiwa makofi sawasawa na aliyeleta mifuko mitano ya saruji. Sitadai kwamba kila mtu alifurahi. Mwenye saruji alinuna kidogo.

Kijana wa Kitongojini alijibu:

Wazee wangu, shikamooni. Mimi naendesha bodaboda na ni mmoja wa vijana wanaochimba makaburi kwa malipo, katika kijiji kingine cha mlimani huko huko Kilimanjaro, na naona tunazungumzwa bila kuulizwa.

Zamani kaburi lilichimbwa na watu ishirini wakipokezana. Katika nyumba kumi na mbili zinazotuzunguka, wanaume chini ya miaka arobaini wanaolala kijijini ni watatu. Wengine wako Moshi, Dar es Salaam au migodini, nao hufika asubuhi ya maziko wakiwa wamevaa viatu vya ngozi. Sisi watatu tukichimba bure kila msiba, na msimu wa baridi misiba ya wazee hufuatana, hatutalipa marejesho ya pikipiki. Tulipoanza kudai malipo tuliitwa vijana wasio na utu. Wakati huo huo aliyetuita hivyo alikuwa ametuma shilingi 50,000 kwa simu na jina lake likasomwa la kwanza.

Mkihesabu kazi, hesabuni na yetu. Mimi niko tayari kuchimba bila kulipwa iwapo wale wa viatu vya ngozi watafika siku moja kabla na kushika sururu japo kwa zamu moja.

Binti wa Kihamba aliandika tena:

Nawashukuru nyote, na Mwalimu, shikamoo. Mama wa Kibanja, nimesoma maneno yako mara mbili. Nilimpigia mama yangu simu na kumuuliza kama anaukumbuka ule msiba wa babu yangu mdogo, ambao mimi naukumbuka kwa sababu ya ndizi nyama na watoto wengi wa kucheza nao. Akanijibu kwamba anaukumbuka kwa sababu aliugua kifua wiki mbili baada yake.

Nilimwomba pia aende kumtazama shangazi na kumuuliza, bila kunitaja, angependa nini. Nilikuwa nimejiandaa kupendekeza asamehewe mchango, yeye na wajane wengine wanne. Mama amerudi na jibu kwamba hataki kusamehewa. Amesema atachanga akiuza ndizi, kama asiposukumwa tarehe, na kwamba kilichomkera si jina kusomwa. Kilichomkera ni kuni kuachwa zinyeshewe, wakati katika nyumba ile ile ya wafiwa usiku watu walikuwa wakitetemeka kwa baridi na hakuna aliyefikiria kuwasha moto.

Nimeandika rasimu ya mambo mawili ya kupeleka Desemba. La kwanza ni zamu ya usiku saba, kama ya Muleba, ikiwa na moto nje, na itawahusu wote pamoja na waliotoka mjini kwa siku watakazokuwepo. La pili ni orodha moja ya waliotoa, kama alivyoshauri Mtendaji, na ndani yake kaburi, kuni na majani ya ng'ombe vitaandikwa. Mweka hazina amekwisha kuniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: je, katika safu ya kiasi, mbele ya mzigo wa kuni, aandike shilingi ngapi? Bei ya mzigo mwezi wa Mei, kwenye mvua, si bei ya Januari, na anahofia kwamba mtu ataleta mzigo mdogo akadai 10,000.

Mtendaji Mstaafu alijibu:

Binti yangu, asiandike shilingi yoyote. Sisi tulithaminisha mchanga kwa sababu mkaguzi wa hesabu alikuwa akija. Kwenu hakuna mkaguzi. Mbele ya jina la shangazi aandike "kuni, mzigo mmoja", mbele ya kijana aliyechimba aandike "kaburi, zamu mbili", na mbele ya ndugu wa Kanada aandike fedha alizotuma. Jumla ya fedha ijumlishwe chini peke yake. Anayetaka kujua mzigo ulikuwa mdogo au mkubwa aende akauone pale motoni.